Kijito Kilichoitwa Mtaro

Kiganjo, Thika
12 Februari 2024

Kwa Mama Wangechi,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi wazima, isipokuwa pua. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu najua masikio yako yalibaki kule kwenye mashine za kufuma, na nikikutumia ujumbe wajukuu wako watausoma kabla yako. Barua anakuletea Mulei wa mayai. Atapitia jibu Alhamisi. Usimkaribishe chai, ukimkaribisha hatoki.

Unakumbuka tulivyopeleka malalamiko kuhusu kile kiwanda cha nyuzi kilicho juu ya mashamba yetu. Januari kijito kilikuja rangi ya damu ya mzee kama kila mwaka, kwa kuwa ndio msimu wa sweta za shule. Wiki iliyofuata kikawa kijani, nadhani shule nyingine zimeagiza. Nduma zangu zimeozea ardhini. Sukuma wiki niliipeleka sokoni, mteja akaisugua kwa kidole, akanionyesha hicho kidole, akaenda zake.

Sasa kiwanda kimejibu. Wakili wao ni kijana anaitwa Ngigi, anaongea vizuri mpaka unatamani kumwoza binti. Ameliambia jopo la mazingira kwamba hapa hapajawahi kuwa na mto. Anasema ule ni mtaro, waliuchimba wenyewe walipojenga kiwanda mwaka wa sabini na moja, na maji yake yanaanzia kwenye ukuta wao. Mtaro si mto, kwa hivyo sheria ya mito haiwahusu. Jopo likimwamini, wataingiza maji yote kwenye bomba, watafunika bonde kwa simiti, na sisi wanawake tunaolima kandokando tutaondoka. Unajua mimi sina shamba lingine. Kwetu Bungoma ndugu zangu walishagawana, na marehemu mume wangu hakuniachia zaidi ya jina lake. Nekesa na wadogo zake walisomeshwa na kile kipande cha nduma.

Taabu ni kwamba kina mama wote tunaolima hapa tulikuja kiwanda kikiwa kimeshajengwa. Hata wewe uliolewa ukakikuta. Lakini Baba Wangechi alizaliwa papa hapa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mkonge, kabla kiwanda hakijaota. Muulize kama palikuwa na mto, na ulikuwa unatoka wapi. Akikubali kuja kusema mbele ya jopo, tumepona.

Jirani yako wa mashine,
Naliaka, Mama Nekesa


Ruiru
15 Februari 2024

Mama Nekesa mpendwa,

Mulei alikunywa chai na akaongezwa, ulichelewa kunionya.

Nilimsomea mzee barua yako tukinywa uji. Nilipofika kwenye “ulikuwa unatoka wapi” aliweka kikombe chini, akasema anaenda kumwangalia ng'ombe. Ng'ombe huyo alikuwa ameshakamuliwa, ameshalishwa, na amelala. Mzee alimwangalia mpaka uji ukapoa.

Jioni nikamuuliza tena. Akaniambia, “Achana na huo mto, mama.” Nikamuuliza, kwani haukuwepo? Akasema, “Mimi nimesema haukuwepo?” Basi, hapo ndipo mazungumzo yalipozikwa. Unamjua Bedan. Ni mtu wa maneno machache, lakini hayo machache huwa anayatoa. Sijawahi kumwona akikimbia swali.

Nitakwambia ninachofikiri, kisha uichome barua hii. Mwanamume hanyamazii maji, hunyamazia mtu. Zamani wifi yangu aliwahi kunidokeza kwamba kabla yangu kulikuwa na msichana pale kwa mkonge, Wanja, binti ya nyapara. Wasichana walikuwa wanateka maji mtoni, si ndiyo? Na huyo Wanja nasikia bado yu hai, anaishi Kalimoni, ni mjane, na meno anayo yote.

Nimefika umri wa kuugua magoti na sasa naugua wivu pia. Pole kwa kutokukusaidia.

Wako,
Gathoni


Kiganjo, Thika
22 Februari 2024

Dada Gathoni,

Nimecheka mpaka Awiti, tunayepakana naye shambani, akaja kuniangalia kama nimeumwa na kitu. Mwache Wanja wa watu na meno yake.

Sikiliza nikwambie. Mwaka huu ni mwaka wa tohara kwetu. Ikifika Agosti, kijana anateremka mtoni alfajiri, anaoga maji ya baridi, anapakwa matope mwili mzima, kisha anarudishwa nyumbani katikati ya nyimbo. Sisi shangazi na mama zake tupo hapo hapo tunacheza. Mto huo kila mtu kijijini anaujua, hata mtoto atakuonyesha. Kwetu ukitaka kujua kijito ni cha zamani kiasi gani, unauliza ni wazee gani waliooga ndani yake.

Nimewaza hivyo nikipalilia, jembe likanitoka mkononi. Sasa nauliza kwa adabu: vijana wa pale kwa mkonge walioga wapi siku yao? Kwa sababu kama Baba Wangechi alioga hapa na kiwanda hakijajengwa, basi hapa palikuwa na mto na maneno ya Ngigi yameisha. Mwambie aseme hivyo tu, ni sentensi moja. Mficha uchi hazai.

Jopo litakaa Juni. Hatuna shahidi mwingine.

Naliaka


Ruiru
29 Februari 2024

Naliaka,

Nimesoma barua yako nikajifunika uso kwa leso, na nilikuwa peke yangu jikoni.

Mambo hayo kwetu hayaulizwi. Mwanamke hamuulizi mwanamume alioga wapi, na mwanamume hamwambii hata mkewe wa ujana. Waliooga pamoja ni rika moja. Watagombana kuhusu mipaka na siasa mpaka wasisalimiane, lakini ya asubuhi ile yanabaki kwao mpaka kaburini. Nyinyi mnaiimbia barabarani, sisi tunaifungia mdomo. Unaniambia ni sentensi moja. Sentensi hiyo moja Bedan hajaniambia tangu tulipooana mwaka wa sabini na saba.

Lakini nilifurahi pia, kwa nini nikufiche. Wanja nimemsamehe, ingawa yeye hajui alikosa nini.

Kumuuliza siwezi. Nilichofanya ni hiki. Barua yako niliiacha mezani ikiwa wazi, nikaweka sahani ya viazi vitamu juu yake, nikaenda kwa mkutano wa kina mama kanisani. Niliporudi viazi vilikuwa vimeliwa, na barua ilikuwa imekunjwa vizuri kuliko ilivyokuwa imekunjwa na wewe. Hajasema kitu. Lakini usiku wa jana alikoroma kidogo sana, na hiyo kwake ni dalili.

Gathoni


Ruiru
7 Machi 2024

Kwa Mama Nekesa,

Habari za huko.

Barua iliyokuwa chini ya viazi sikuisoma. Kwa hiyo kuhusu yaliyoandikwa humo sina la kusema.

Nataka kujua jopo linakaa tarehe gani, na kama waliomo ni wanaume.

Mke wangu ananitazama nikiandika na hasemi kitu, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba hii.

Bedan Karuga


Kiganjo, Thika
14 Machi 2024

Kwa Baba Wangechi,

Nashukuru kwa barua yako, na nimeipokea kwa mikono miwili.

Jopo linakaa tarehe kumi na nane Juni. Anayeliongoza ni mwanamke, Bi. Kaleli, mtu wa Ukambani. Kando yake wanakaa wanaume wawili. Nilimuuliza karani kama shahidi anaweza kusema na hao wawili peke yao, pembeni. Akaniambia haiwezekani, neno la shahidi husemwa mbele ya wote, na wakili wa kiwanda lazima alisikie na alihoji.

Mzee, mimi ni mgeni katika mila zenu na nimezitaja kama mtu anayeingia nyumba ya watu na viatu vyenye matope. Naomba unisamehe. Sitakuomba uvunje kitu ambacho umekishika maisha yako yote. Lakini haki yako ni kujua hali ilivyo: asiposema mtu, nitang'oa mimea yangu kabla ya mvua za vuli, na sijui nitaipeleka wapi.

Wako kwa heshima,
Naliaka


Ruiru
21 Machi 2024

Kwa Mama Nekesa,

Nimekaa na wenzangu waliobaki. Hatutasema. Hatutasema mbele ya mwanamke, hata akiwa mkubwa wa jopo, na hatutasema ili kijana aandike kwa kalamu halafu atuhoji. Pole.

Lakini mwambie huyo mama jopo lisikae mjini kwenye viti. Lije kiwandani, na lango lifunguliwe.

Usiniulize kwa nini.

Bedan Karuga


Kiganjo, Thika
20 Juni 2024

Dada yangu Gathoni,

Mzee wako amerudi nyumbani akakwambia nini? Najua, hakuna. Basi kaa chini nikwambie mimi, maana mimi si wa rika lao na sijamwahidi mtu kunyamaza.

Jopo lilifika Jumanne asubuhi. Bi. Kaleli alikuja amevaa gambuti, nikampenda hapo hapo. Ngigi alikuja na viatu vya kung'aa. Sisi kina mama tulijipanga kando ya njia na majembe yetu. Kisha wakafika wazee wenu. Baba Wangechi alikuwa mbele, nyuma yake rafiki yake wanayemwita Mwas, kumbe mtu anaweza kuzeeka kiasi kile na bado akaitwa Mwas, jina la utani la vijana, halafu wengine kutoka Kalimoni na Kahawa Sukari. Wote walivaa makoti na kofia, na mmoja alikuwa na mkongojo. Hawakumsalimia mtu.

Mlinzi wa lango akawazuia. “Wazee, leo ni ma-officer pekee wanaingia. Hiyo ndio order nimepewa.”

Bi. Kaleli akamwambia, “Hawa ndio nimekuja kuwasikiliza. Fungua.”

Tukaingia sote, hata sisi wenye majembe. Ngigi akaanza kuonyesha bomba lililo ukutani, akisema, “Mheshimiwa, kama unavyoona, maji yote yanaanzia hapa.” Wazee hawakusimama kumsikiliza. Walipita lile bomba, wakapita matangi ya rangi, wakapita stoo ya kuni, na walitembea kama mtu anayerudi kwao. Nyuma ya stoo kulikuwa na mawe makubwa meusi na mabati ya zamani yamelazwa juu yake. Meneja mwenyewe alionekana hajawahi kufika pale, maana alikanyaga tope mpaka kifundoni. Mwas na Baba Wangechi wakashika mabati, wakayavuta kando.

Mama Wangechi, chini yake kulikuwa na maji. Maji safi yanayoonyesha mpaka mchanga, yanabubujika chini ya jiwe, yanajaza kidimbwi, na mbele kidogo yanamezwa na bomba lililofukiwa, kwenda kuchanganywa na uchafu wao ili usionekane mwingi. Nimelima kando ya maji hayo ujane wangu wote, na sikujua kwamba yanazaliwa safi. Nilishikwa na hasira.

Bi. Kaleli akauliza, “Wazee, hapa mlipajuaje?”

Kimya.

“Mlipaona lini kwa mara ya kwanza?”

Kimya tena. Ngigi akajirekebisha tai. “Mheshimiwa, chemchemi hii huenda ilitokea kiwanda kilipochimba msingi. Kuhusu zamani, hawa mashahidi hawana ushahidi wowote.”

Hapo mzee wako akainama, akafungua kamba za viatu. Alivua soksi akazikunja vizuri akazitia ndani ya viatu. Wenzake wakavua pia. Wakapandisha suruali mpaka magotini, wakaingia kwenye kidimbwi mmoja mmoja, wakajipanga. Hawakujipanga kwa urefu wala kwa umri. Kila mmoja alijua mahali pake, na hakuna aliyemwambia mwenzake asogee. Mwenye mkongojo aliuacha ukingoni, akawa wa kwanza. Kati ya Mwas na Baba Wangechi waliacha nafasi ya mtu mmoja, na hiyo nafasi haikujazwa na mtu. Kisha wakasimama wima, kimya, wanatazama mbele. Unajua baridi ya Juni hapa Thika. Mwas midomo ilikuwa inamcheza, lakini hakusogea.

Mimi nililia. Awiti alilia. Kwetu tungeimba mpaka mabati yapasuke, lakini siku ile nilielewa kwa nini nyinyi hamwimbi.

Bi. Kaleli alitazama kwa muda mrefu. Mwenye macho haambiwi tazama. Hakuwauliza tena kitu chochote, aliomba vitambulisho tu. Akasoma miaka yao ya kuzaliwa kwa sauti, arubaini na saba, arubaini na nane, arubaini na tisa, karani akiandika. Kila mtu pale anajua kijana hupelekwa mtoni akiwa na umri gani. Hesabu tuliifanya wenyewe vichwani, na kiwanda hakikuwemo.

Akamgeukia wakili. “Bwana Ngigi, una swali kwa mashahidi?”

Kijana huyo ni wa huku kwenu, mama yake ni mtu wa Gatundu. Aliwatazama wale wazee kuanzia miguu iliyo majini mpaka kofia. Angeweza kuwahoji kuhusu mipaka, kuhusu ramani, kuhusu lolote. Kuhusu lile, mwanamume wa kwenu hawezi kufungua mdomo mbele yetu, na hakuna mshahara wa kiwanda unaoweza kumfungua. Akasema kwa sauti ya chini, “Sina swali, Mheshimiwa,” akarudi nyuma, na nilimwona amekunja mikono kwa heshima kama kijana aliye mbele ya baba zake.

“Andika kwamba mashahidi wamejibu,” Bi. Kaleli akamwambia karani. Kisha akasogea ukingoni, akauliza polepole, “Naomba mnisaidie jambo moja tu. Huu mto unaitwaje?”

Hilo halikuwa mwiko. Wakajibu wote kwa pamoja, kwa sauti za vijana: “Kamahiga.”

Naambiwa maana yake ni mto wa mawe. Sisi tumeuita “huko chini,” tumeuita “kwa kiwanda,” na siku za hasira hata mtaro tumeuita, sisi wenyewe tunaoupenda. Kumbe ulikuwa na jina lake muda huo wote na hatukuwahi kuulizia.

Mpe mzee wako maji ya moto aweke miguu. Na usimuulize kitu.

Naliaka


Kiganjo, Thika
26 Septemba 2024

Gathoni wangu,

Tumeshinda. Naiandika tena ili niione: tumeshinda.

Jopo limetoa uamuzi juzi. Limeandika kwamba Mto Kamahiga ni mto, ulikuwepo kabla ya kiwanda, na hakuna anayeweza kuufunika wala kuufungia ndani ya ukuta wake. Bomba lililofichwa ling'olewe. Chemchemi iachwe wazi, na ukuta usogezwe nyuma ili watu wafike. Kiwanda kisimwage hata kikombe mpaka kijenge mahali pa kusafishia maji yake na pakaguliwe. Na sisi kina mama tunabaki kwenye mashamba yetu. Jina langu limo humo, Naliaka wa Kiganjo, pamoja na wenzangu wote. Wanasema kiwanda kinafikiria kukata rufaa. Kikate. Bomba tumeling'oa jana sisi na vijana wa kaunti, na nililivuta mwenyewe mpaka nikaanguka nalo kwenye tope. Nilikaa pale chini nikacheka.

Tulicheza mpaka barabara ikafungwa. Mimi niliwafundisha nyimbo za Bungoma, Awiti akaleta za Siaya, na kina mama wa kwenu wakapiga vigelegele juu ya zote. Hata Mulei alicheza, trei za mayai zikiwa kichwani, na hakuvunja yai.

Udongo bado ni mgonjwa. Wataalamu wamesema tusile kilichomea hapa mpaka waupime tena, na mimi si mjinga, nimepanda maua ya kuuza kwa sasa. Nitangoja. Kungojea kwenye shamba langu mwenyewe ni raha.

Nakutumia nakala ya uamuzi. Msomee Baba Wangechi, au akusomee.

Naliaka wa Kamahiga


Ruiru
3 Oktoba 2024

Naliaka wa Kamahiga,

Amenisomea yeye. Kwa ajili ya masikio yangu ilibidi apige kelele, kwa hivyo uamuzi wenu umesikika ploti nzima na jirani amekuja kutupongeza.

Alisoma kurasa zote bila kuruka neno, hata nambari za vifungu. Alipofika kwenye jina la mto alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilimtazama, nikakumbuka ulivyoniambia nisiulize kitu. Nikaanza kutoa vyombo mezani.

Akaniita. Akasema, “Maji yale yalikuwa baridi, mama.”

Nimekaa na mwanamume huyu tangu nikiwa msichana. Nimemzalia, nimemuuguza, tumezika wazazi wake na wangu. Sikuwahi kusikia neno hata moja la asubuhi ile. Niliweka vikombe chini, na bila kufikiria nikamuuliza, “Baridi kiasi gani?”

Nilidhani atainuka aende kwa ng'ombe. Hakuinuka. Akasema, “Vaa viatu rahisi kuvua. Jumamosi nitakupeleka.”

Gathoni